Gurudumu la turbini lisichomelewe kwa pupa

Mhariri,

Kila mtambo wa umeme wa maji unapozimwa ili gurudumu la turbini lifanyiwe ukarabati, huulizwa swali lile lile: chuma kimeliwa, wachomeleaji wapo, elektrodi zipo, kwa nini mtambo ukae kimya wiki kadhaa? Swali si baya likiulizwa na mteja aliyekaa gizani. Linakuwa baya likiulizwa na anayeandaa mkataba, kwa sababu yeye ana kalamu ya kukata siku. Na siku zinazokatwa kwanza ni zile ambazo mtu akipita karakana haoni cheche: siku ya kupasha gurudumu, siku ya kuliacha lipoe, siku za tanuri, na saa 48 za kungoja kabla ya kukagua nyufa. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tueleze kwa nini siku hizo hazikatiki.

Magurudumu mengi ya Francis, Kaplan na Pelton (aina tatu kuu za turbini za maji) yaliyotengenezwa katika miongo ya karibuni ni ya chuma kisichoshika kutu (stenlesi) cha jamii ya martensaiti, ambacho mafundi hukiita kumi na tatu-nne. Ndani yake mna kromiamu asilimia 13 hivi, nikeli asilimia 4 hivi, molibdenamu kidogo, na kaboni isiyozidi asilimia 0.06. Kikiwa cha kumimina, michoro ya Kimarekani hukiandika CA6NM na ya Ulaya hukiandika 1.4317. Kilichukua nafasi ya chuma cha zamani chenye kromiamu hiyo hiyo lakini kaboni hadi asilimia 0.15, ambacho kukichomelea bila kukipasua ilikuwa kazi ngumu sana. Kumi na tatu-nne ni chuma imara: hakianzi kupinda bila kurudi mpaka mkazo ufike angalau megapaskali 550, na hakishiki kutu ndani ya maji ya mto.

Hata hivyo maji hukila, tena kwa njia mbili, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Njia ya kwanza ni kavitesheni. Pale ambapo shinikizo hushuka ghafla nyuma ya panga, yaani ubapa wa gurudumu unaosukumwa na maji, maji huchemka bila moto. Mapovu ya mvuke yakisogea penye shinikizo hupasuka na kulipiga panga kama nyundo ndogo ndogo zisizohesabika, na chuma hubaki na matundu mithili ya sifongo. Njia ya pili ni mchanga. Chembe za kwarzi zina ugumu unaofika Vickers 1,000 na zaidi, ilhali kumi na tatu-nne iliyotulizwa vizuri, yaani iliyopashwa tena tanurini ili ugumu upungue, iko kati ya 260 na 300. Fikiria mtambo wa Kihansi, Tanzania, ambako maji hushuka zaidi ya mita 800 kabla ya kufika kwenye vikombe vya Pelton: kwa kimo hicho mkondo hutoka kwenye pua kwa mwendo wa mita 125 kwa sekunde hivi, sawa na kilomita 450 kwa saa. Kwa mwendo huo chembe ya mchanga ni patasi. Isitoshe, mwendo ukizidi mara mbili, mchanga hula karibu mara nane. Ndiyo sababu mito inayobeba udongo mwingi, kama Tana, itaendelea kutudai wachomeleaji wazuri hata mabwawa yakijengwa kwa ustadi wa namna gani.

Chuma kilicholiwa hurudishwa kwa kutandika mishono ya kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, kisha kusagwa mpaka umbo la awali lirudi. Hapa ndipo pupa huingia, na kosa lenyewe huanzia kwenye jambo lisiloonekana kwa macho.

Kumi na tatu-nne ikiwa ya moto sana, chembe zake zimejipanga kwa mtindo uitwao ostenaiti. Ikipoa na kufika nyuzi 300 hadi 250 hivi (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi), mpangilio huo huanza kugeuka kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu na hutaka nafasi kubwa zaidi. Mgeuko hukaribia kuisha joto likishuka kwenye 100. Sasa mshono wowote huingiza hidrojeni kutoka kwenye unyevu: wa elektrodi, wa hewa, wa mafuta yaliyobaki kwenye panga. Ostenaiti huivumilia hidrojeni na kuiweka tumboni. Martensaiti haina nafasi nayo. Chuma kikigeuka huku hidrojeni imo ndani na mikazo imekivuta kila upande, hupasuka, na si papo hapo. Ufa unaweza kuzaliwa siku ya pili, wachomeleaji wakiwa wamekwisha kufunga vifaa vyao.

Kwa hiyo gurudumu hupashwa kabla ya mshono wa kwanza, angalau nyuzi 100, na tunapendelea 120. Lakini anayejua kwamba kupasha ni kuzuri huweza kudhani kwamba kupasha sana ni kuzuri zaidi. Analiweka gurudumu kwenye nyuzi 250, anachomelea mchana kutwa bila kuliacha lishuke, na jioni anaona mishono mizuri isiyo na doa. Alichofanya ni kuweka akiba ya ostenaiti. Mishono yote aliyotandika siku hiyo haijageuka hata mmoja. Moto ukizimwa usiku, yote hugeuka kwa pamoja, na hidrojeni yote imo ndani. Asubuhi kuna mistari. Ndiyo maana joto la chuma kabla ya kila mshono mpya lisizidi nyuzi 150. Taratibu nyingine huruhusu hadi 180, lakini zaidi ya hapo mtu anacheza. Chini ya kiwango hicho kila mshono hugeuka kwa sehemu kubwa kabla ya mwenzake kuja juu yake, na joto la mwenzake humtuliza.

Kipimo hiki kina bei, na bei yake ni saa. Kwenye panga jembamba la pembezoni, mishono mitatu au minne mfululizo hufikisha nyuzi 150, na mchomeleaji hana budi kuhamia upande wa pili wa gurudumu au kukaa. Anayepita na kumwona amekaa asidhani anategea. Kupasha nako hakuharakishwi: gurudumu la tani kadhaa lina kitovu kinene na mapanga membamba, na likipashwa kwa kasi mapanga hutangulia na kuvutana na kitovu. Nyuzi 30 kwa saa ni mwendo wa busara. Kutoka joto la kawaida hadi 120 ni zaidi ya saa tatu, na baada yake joto lipewe muda lipenye hadi katikati. Mikeka ya kauri yenye waya za umeme ndiyo bora kwa kazi hii. Mwali wa gesi hutumika pia, lakini huchoma ngozi ya chuma huku ndani kukiwa baridi. Chaki ya joto, ile inayoyeyuka kwa nyuzi zilizoandikwa juu yake, ikiyeyuka juu ya uso uliotoka kupigwa mwali haijathibitisha lolote. Pima baada ya kuondoa mwali na kungoja dakika chache, au pima upande wa pili wa panga. Tena moto usizimwe wakati wa chakula wala zamu inapobadilishwa.

Kuhusu elektrodi, kuna kosa moja ambalo lingeweza kuzuiwa na karani wa ghala. E410 na E410NiMo si kitu kimoja. Ya kwanza ina kromiamu bila nikeli ya maana. Ya pili ina kromiamu asilimia 11 hadi 12.5, nikeli 4 hadi 5, na molibdenamu 0.4 hadi 0.7, na ndiyo inayolingana na kumi na tatu-nne. Maboksi hufanana, bei hutofautiana, na mnunuzi akiona 410 yote mawili huchukua ile rahisi. Madhara hayaishii kwenye mshono. Aliyezoea 410 ya kawaida, ambayo hutulizwa kwa nyuzi 700 na zaidi, akiingiza gurudumu la kumi na tatu-nne tanurini kwa joto hilo huliharibu lote: kuanzia nyuzi 620 au 630 hivi nikeli hufanya sehemu ya chuma irudi kuwa ostenaiti, na likipoa sehemu hiyo huwa martensaiti mbichi, ngumu, isiyotulizwa. Amelipia tanuri ili apate kile alichotaka kukiondoa.

Elektrodi yenyewe, hata ikiwa sahihi, iokwe nyuzi 300 hadi 350 kwa saa mbili, au kama mtengenezaji alivyoandika kwenye boksi, kisha ihamishiwe kwenye oveni ya kutunzia ya nyuzi 100 hadi 150. Mchomeleaji abebe chache ndani ya kopo lenye joto, zinazomtosha kwa saa chache. Katika joto la unyevu la bonde la Rufiji wakati wa masika, elektrodi iliyolala mezani tangu asubuhi hadi mchana imekwisha kunywa maji. Isirudishwe kwenye kopo pamoja na zenzake. Wanaookota zilizobaki sakafuni ili zisipotee wanaokoa shilingi na kuingiza hidrojeni.

Kabla ya kuchomelea, chuma kilicholiwa kiondolewe mpaka kionekane kizima. Matundu ya kavitesheni ni membamba juu na mapana chini, na anayejaza juu yake bila kuchimba huziba hewa, uchafu na maji ndani. Wanaochimba kwa fimbo ya kaboni na upepo wafanye hivyo gurudumu likiwa limepashwa, kwa maana kuchimba huko ni moto kama wa kuchomelea. Kisha wasage milimita mbili au tatu zaidi kuondoa ngozi iliyonyonya kaboni. Tumia mawe ya grainda na brashi zilizowekwa kwa ajili ya stenlesi peke yake. Baada ya hapo paka dawa ya kupenya, ile inayoonyesha nyufa, hakikisha hakuna ufa uliobaki, kisha safisha dawa yote. Na kabla ya yote hayo, chukua sumaku ndogo. Kumi na tatu-nne hunasa sumaku kwa nguvu. Mahali ambapo sumaku inashika kwa unyonge au inaachia, ujue kuna kiraka cha zamani cha stenlesi ya jamii ya ostenaiti, na lazima kijulikane kabla ya kuamua elektrodi na tanuri. Sumaku hiyo huuzwa kwa bei ya soda mbili, na ni ajabu jinsi isivyopatikana kwenye visanduku vingi vya vifaa.

Mshono uwe wa kunyooka, usiyumbishwe huku na huku, tao la umeme liwe fupi, umeme uwe wa mkondo wa moja kwa moja (DC) na elektrodi upande wa chanya. Kwa elektrodi ya milimita 4, ampea 130 na volti 25 kwa mwendo wa sentimita 18 kwa dakika huingiza kilojuli 1.1 hivi kwa kila milimita. Tungependa isizidi 1.5. Kila mshono ufunike wa jirani yake kwa theluthi hadi nusu, magamba yaondolewe yote, na kreta, yaani kishimo cha mwisho wa mshono, ijazwe kabla ya kuinua mkono, kwa sababu nyota ndogo ya nyufa hupenda kukaa pale. Tandika kwa zamu pande zinazokabiliana za gurudumu ili lisijipinde, na pandisha milimita mbili au tatu juu ya umbo linalotakiwa ili kuwe na cha kusaga. Waya wa kurudishia umeme ufungwe kwenye gurudumu lenyewe, karibu na mshono. Ukifungwa kwenye fremu ya mtambo wakati gurudumu bado liko kwenye shafti, umeme utapita kwenye beringi na kuzitoboa, na tatizo hilo litaonekana miezi kadhaa baadaye bila mtu kukumbuka lilikotoka.

Jambo la afya lisisahaulike. Ndani ya gurudumu la Francis mchomeleaji amejikunja kati ya mapanga mawili, na moshi wa stenlesi una kromiamu ya namna inayoleta saratani. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Bomba la kunyonya moshi karibu na tao na kinyago chenye hewa safi viandikwe kwenye mkataba pamoja na bei yake, wala visiachwe kwa hiari ya kontrakta.

Mishono ikiisha, gurudumu haliendi tanurini likiwa la moto. Lishuke polepole, limefunikwa blanketi, mpaka chini ya nyuzi 80 katika sehemu yake nene zaidi. Hapa tena watu hukata kona, wakiona ni upotevu wa gesi kulipoza kitu kinachokwenda kupashwa tena. Lakini ostenaiti iliyobaki bila kugeuka hupita tanurini bila kutulizwa, kisha hugeuka baada ya tanuri, na kuacha martensaiti mbichi ndani ya gurudumu lenye cheti cha kutulizwa. Cheti hicho kinasema kweli na gurudumu bado ni bovu.

Tanuri sasa. Nyuzi 580 hadi 610, kupanda na kushuka kusizidi 50 kwa saa. Kutoka 25 hadi 600 ni saa 11 na nusu. Kushikilia, saa moja kwa kila milimita 25 za unene na kwa gurudumu kubwa mara nyingi ni saa 8. Kushuka hadi 150 kabla ya kufungua mlango ni saa 9. Jumla inakaribia saa 29, bila kuhesabu usiku wa kupoa kabla yake. Themokapo, yaani vipima joto vya waya, zifungwe kwenye panga jembamba na kwenye kitovu kinene. Ya hewa ya tanuri pekee haitoshi. Gurudumu likae juu ya nguzo zilizosawazishwa, maana kwa nyuzi 600 uzito wake mwenyewe unaweza kulipinda. Likitoka, mshono uliokuwa na ugumu wa Vickers 370 au 400 unapaswa kusoma chini ya 300. Ukisoma bado 350, hakuna mjadala wa kufanya: joto halikufika.

Kuna wakati gurudumu haliwezi kutolewa, na kazi hufanyika shimoni, pale pale turbini ilipo. Hapo wengi hutumia elektrodi ya 309L, ya jamii ya ostenaiti, isiyohitaji tanuri. Hatuipingi. Kwa matundu ya kavitesheni yaliyo katikati ya panga, mbali na maungio, ni suluhisho la heshima. Lakini chuma hiki ni laini kuliko kumi na tatu-nne, na kikipashwa hutanuka mara moja na nusu zaidi, hivyo hubaki kimevutana na jirani yake. Nacho hakiondoi haja ya kupasha: ukanda wa kumi na tatu-nne uliounguzwa pembeni mwa mshono hugeuka martensaiti ngumu vile vile, elektrodi iwe ya jamii yoyote. Pasipo ruhusa kabisa ni kwenye maungio ya panga na taji (bamba la juu) au mkanda (pete ya chini) wa Francis, hasa upande maji yanapotokea, na kwenye mzizi wa kikombe cha Pelton, ambao hupigwa na mkondo kila unapozunguka, mamilioni ya mapigo kwa mwaka. Ufa kwenye mzizi huo ni wa kuitia mwenye kiwanda na tanuri. Kiraka cha shimoni hakifai pale, hata kama umeme unahitajika kesho.

Kwa penye kavitesheni isiyokoma kuna elektrodi za ostenaiti zenye kobalti, ambazo utafiti wa shirika la umeme la Hydro-Québec la Kanada uliziendeleza miaka ya 1980. Huzidi kuwa ngumu kadiri zinavyopigwa, na hudumu mara kadhaa kuliko stenlesi ya kawaida. Kwa mchanga hazisaidii sana. Mchanga hutaka kunyunyiziwa kabaidi ya tangsteni kwa mwendo mkali, unene wa sehemu tatu za kumi za milimita hivi, na kazi hiyo huja mwisho, baada ya kuchomelea, kutuliza na kusaga kote kuisha, kwa kuwa juu ya kabaidi hiyo hakuna mshono unaoshika.

Ukaguzi hufanyika mara mbili: saa 48 baada ya mshono wa mwisho kupoa, na tena baada ya tanuri na usagaji. Dawa ya kupenya kwa uso, mawimbi ya sauti kwa mahali tabaka liliposhikana na chuma cha chini. Umbo la kila panga lilinganishwe na kiolezo, kisha gurudumu lisawazishwe uzito, kwa kuwa kilo chache zilizozidi upande mmoja huishia kwenye beringi.

Tunachokiomba kwa wanaotoa zabuni, wa Rufiji kwa wa Tana, ni kuandika haya kwenye mkataba na kuyafanya sharti la malipo ya mwisho: utaratibu wa kuchomelea uliojaribiwa kwenye kipande cha chuma hicho hicho kwa kiwango cha ISO 15614-7, daftari la oveni ya elektrodi lenye saa za kuingia na kutoka, chati za joto la kupasha na kupoa kwa kila zamu, chati ya tanuri yenye themokapo zote, na ripoti ya nyufa yenye tarehe na saa, isomwe pamoja na saa ambayo mshono wa mwisho ulipoa. Kama kati ya saa hizo mbili hakuna 48, ukaguzi urudiwe kabla maji hayajafunguliwa.

Wachomeleaji na wakaguzi wa mishono,
Morogoro